UZI: Bethdei na sikukuu za watoto tunazotengeneza wenyewe nyumbani, njooni tupeane maujanja

Mleta uzi

Habari za muda huu wakuu, mama zangu, baba zangu, mashangazi na wajomba wote mliopo humu. Uzi huu ni wa bethdei na sikukuu za watoto zile za kutengeneza wenyewe kwa mikono, na naanza na msimamo wangu kabisa ili anayepinga apinge mapema: shughuli ya mtoto inaanza siku anaposhika mkasi, sio siku wageni wanapopiga hodi. Kile kipindi cha kukata makaratasi, kupaka rangi, gundi mpaka kwenye nyusi, kubishana keki iwe kipepeo au gari, hicho ndo mtoto anakuja kukisimulia. Masaa mawili ya wageni yanapita fasta mno.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana wa kina Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely, ulichapishwa 2012. Waliwapa watu wazima kazi ya kuunga maboksi, kukunja maumbo ya karatasi na kujenga vitu vya Lego, wakakuta mtu anakithamini alichokitengeneza mwenyewe kuliko kawaida, yaani vile vya karatasi vilivyokunjwa kiajabuajabu wenyewe waliviona vina thamani karibu sawa na vya mafundi. Ila sasa sikilizeni hapa, ile thamani ilikuwepo kwa waliomaliza kazi. Aliyeshindwa kumaliza au aliyeona kazi yake inabomolewa hakuwa na mapenzi nayo hayo. Kwa hiyo kwa mtoto mpe kazi ndogo anayoweza kuifikisha mwisho, na akimaliza usiirekebishe. Nasisitiza hilo la pili kwa sababu tunalifanya sana wazazi, mtoto anabandika nyota kichwa chini, anaenda kulala, asubuhi anaikuta imegeuzwa. Anaelewa kabisa kilichotokea hata kama hasemi. Iacheni hivyohivyo ilivyo.

Nianze na mnyororo wa karatasi maana huu ndo unaobeba kila kitu. Chukua A4, ikate kwa upana vipande vya sentimita 3, karatasi moja inakupa vipande kama tisa vizuri tu kila kimoja kina urefu wa sentimita 21. Bethdei ikiwa imebaki wiki mbili unahitaji pete 14. Sasa kabla ya kugundisha, ndani ya kila kipande unaandika kazi ndogo ya siku hiyo, asiyejua kusoma unamchorea: leo tunachora kadi za mwaliko, leo tunapaka rangi boksi, leo tunafanya mazoezi ya wimbo, leo hatufanyi kitu tunapumzika. Kila jioni mtoto anachana pete moja. Hapo umeua ndege wawili, mtoto anaona kwa macho siku zinavyopungua (watoto wadogo ukimwambia "wiki mbili" ni maneno tu hayo) na wewe maandalizi yamesambaa, huna ile hekaheka ya usiku wa mwisho. Kwa sikukuu yoyote ile, ya dini, mwaka mpya, kufunga shule, unafanya vilevile.

Kofia za pembe. Watu wengi wanahangaika kupata duara kumbe huhitaji duara zima, unahitaji nusu. Laza A4 nene kwa urefu, tafuta katikati ya ule upande mrefu, shikilia uzi hapo kwa kidole, ncha nyingine funga penseli, uzi uwe sentimita 14 na nusu, zungusha. Nusu duara hilo linaingia kwenye karatasi bila kumwagika. Kata, kunja ncha zikutane, gundi, toboa pembeni upitishe lastiki. Inakaa juu ya kichwa vizuri tu haifiki masikioni. Muhimu ni mtoto apambe IKIWA BADO IMELALA, ukishaikunja kupaka rangi ni vita. Na wakati wa mishumaa kofia zivuliwe, karatasi na nywele karibu na moto sio vitu vya kuchezea.

Keki. Huna haja ya chombo cha umbo maalum. Oka keki moja ya duara, acha ipoe kabisa, kata katikati upate nusu mbili, halafu zigeuze migongo ya mviringo igusane katikati na zile sehemu zilizokatwa ziangalie nje, tayari una kipepeo. Moyo je? Oka keki ya mraba ya sentimita 20 na ya duara yenye kipenyo hichohicho cha 20. Mraba unaukalisha kona iangalie chini, duara unalikata nusu mbili, kila nusu unaibandika kwenye upande mmoja wa juu wa mraba. Inakaa sawasawa kwa sababu kipenyo cha duara na upande wa mraba ni kipimo kimoja, mtoto wa shule ukimuonesha hilo anashangaa na hesabu zake zinapata maana. Keki iliyolala kwenye friji usiku mzima ikiwa imefunikwa inakatika bila kumomonyoka. Krimu ya juu ni siagi sehemu moja sukari ya unga sehemu mbili kwa uzito, paka kwanza safu nyembamba ya kushika makombo, rudisha kwenye friji nusu saa, ndo upake safu yenyewe. Safu hiyo ya pili mwachieni mwenye bethdei. Atapaka kama anasiliba ukuta, sawa tu, keki ni yake.

Maboksi ndo usiseme. Boksi kubwa lililobeba friji au jiko usilitupe hata kama nyumba ni ndogo, liweke nyuma ya kabati hadi siku yake. Pale Rochester, New York kuna makumbusho yanaitwa The Strong, wana orodha ya heshima ya vitu vya kuchezea, na boksi la karatasi liliingizwa humo 2005, fimbo ikaingia 2008, blanketi 2011. Yaani vitu hivyo vimekaa pamoja na midoli maarufu ya dunia nzima. Na ukiviangalia, ukiwa navyo vyote vitatu una jumba, una meli, una jukwaa.

Jukwaa ndo nalipenda kuliko yote, mchezo wa vivuli. Tundika shuka jeupe mlangoni, taa nyuma yake, watoto wanakata watu na wanyama kwenye boksi wanabandika kwenye vijiti. Ukisogeza kikaragosi karibu na taa kivuli kinakuwa kikubwa, ukikisogeza kwenye shuka kinakuwa kidogo na kinakaa wazi zaidi, watoto wakigundua hilo basi hapo simba atakua na kupungua jioni nzima. Mwenye bethdei anatunga hadithi, wadogo wanashika vijiti, bibi au babu anasimulia, baba anazima na kuwasha taa. Kila mtu ana kazi, hata yule kijana mkubwa aliyekuwa amekunja uso chumbani ukimpa sauti za radi na mlango atatoka.

Nina mengine ila ngoja nipumzike vidole, tiririkeni.

mama_mapacha

Dada ubarikiwe kwa huu uzi, nimeuhifadhi. Mie nina swali la mapacha. Bethdei moja watoto wawili na hawapendi vitu sawa hata kidogo, mmoja ni magari mwingine ni wadudu (ndio, wadudu), kila mwaka tunaishia kuchagua kitu cha katikati ambacho hakimfurahishi yeyote.

Mleta uzi

@mama_mapacha asante mama. Usichague cha katikati. Mnyororo fanya miwili kila mmoja na rangi yake, keki ileile ya duara kata nusu kila mtu apambe ya kwake, kisha shughuli inayowaunganisha iwe moja tu, mfano hadithi ya vivuli yenye mdudu anayeendesha gari. Hiyo watatunga wenyewe wala hutahitaji kuwasaidia. Na wimbo wa kuwapongeza uimbwe mara mbili tafadhali, kila mmoja na jina lake. Watoto wa pacha wanahesabu vitu hivyo.

Baba Wawili

Mkuu nakubaliana na wewe kwa asilimia kubwa ila tuwe wakweli, mtoto akifika miaka kumi na kitu anaanza kuangalia wenzake wamefanyiwa nini. Wa kwangu ana 11 ananiambia baba vitu vya karatasi ni vya watoto wadogo. Kumlazimisha kukata nyota ni kumuaibisha mbele ya rafiki zake.

Mleta uzi

@Baba Wawili kaka hoja yako ni nzito na siipingi. Umri huo ukimkatia wewe nyota kweli unamuaibisha. Ila angalia vizuri anachokataa, mara nyingi anakataa kufanywa mdogo, hakatai kutengeneza. Mkabidhi shughuli. Mwambie bajeti ya muda ni hii, chumba ni hiki, watu ni wangapi unaamua wewe, unataka nini kitokee. Wa umri huo nimeona wanapenda sana msako wa hazina wa kuwatungia wenzao mafumbo magumu, na wanapenda kupika wenyewe bila mzazi kusimama nyuma yao.

Msako una siri moja, unatungwa kinyumenyume. Unaanza na mahali hazina ilipo, unajiuliza fumbo gani linaleta mtu hapa, hilo fumbo linafichwa wapi, unarudi nyuma hivyo hadi fumbo la kwanza ambalo unalitoa mkononi. Ukianza mbele kwenda nyuma utachanganyikiwa fumbo la nne. Mafumbo sita hadi nane yanatosha, zaidi ya hapo watoto wanachoka na wanaanza kupekua tu makabati. Wadogo wasiosoma wachorewe picha ya kitu, viatu, ndoo, mto wa kulalia.

mwl_chekechea

Naomba niongezee kama mwalimu wa watoto wadogo. Kuna ule utaratibu wa mdomo wazazi wengi wanaufuata, idadi ya wageni isizidi umri wa mtoto ukiongeza mmoja, yaani anayetimiza minne waje watano. Sio sheria ila kwa wadogo inasaidia sana hasa mtoto anayeelemewa na kelele. Mtoto anayelia kwenye bethdei yake mwenyewe mara nyingi hajadeka, amezidiwa. Mtengenezeeni kona ya blanketi na mito pembeni anakoweza kwenda bila kuomba ruhusa na mtu asimfuate kumpiga picha.

Halafu maputo jamani. Sijaona mtu amegusia. Watoto chini ya miaka 8 wanaweza kupaliwa na puto ambalo halijajazwa au kipande cha puto lililopasuka, ndo maana pakiti zinaandikwa onyo hilo. Lile la mpira laini linajifinyanga kwenye koo na kulitoa ni kazi. Mkubwa ndo ajaze, na likipasuka vipande vyote viokotwe hapohapo kabla ya kitu kingine chochote.

Mleta uzi

Mwalimu shikamoo na asante sana. Hilo la maputo nalikazia kwa nguvu zote. Kwangu mimi kwa wenye watoto wanaotambaa bora yasiwepo kabisa, mnyororo wa karatasi na bendera za vitambaa vya nguo kuukuu zinajaza chumba vizuri. Bendera zenyewe ni pembetatu tu unakata unakunjia kwenye kamba, na ukitumia nguo ambazo mtoto zimembana kila mwaka unaongeza pembetatu moja, kamba inakua na yeye.

Kuhusu kona ya utulivu, wadau wenye watoto wa hivyo lichukueni hilo leo leo.

shangazi_mtu

Mie shida yangu ni sukari. Watoto wakila keki wanaruka kutani mpaka usiku. Kuna mtu ana njia ya keki isiyo na sukari kabisa?

Mleta uzi

Shangazi kupunguza sukari ni jambo jema kwa meno na afya kwa ujumla, ila kuruka kutani usiisingizie keki. Mark Wolraich na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwepo wakazichambua kwa pamoja 1995, tafiti ambazo mtoto wala mzazi hakujua nani kapewa sukari na nani kapewa kitu kingine kitamu, hawakuona sukari inabadilisha tabia za watoto. Wanaruka kwa sababu wapo wengi, wamefurahi, wamepitiliza usingizi wa mchana. Ukitaka watulie panga ratiba, mchezo wa mbio uje kabla ya chakula, baada ya keki weka kazi ya kukaa chini mfano kupamba kofia ya kuondoka nayo. Masaa mawili yakiisha waage wakiwa bado wana furaha.

Ila kwenye keki kuna hili ambalo mie nalizingatia zaidi. Chuo Kikuu cha Clemson cha Marekani walipima 2017 wakakuta kupuliza mishumaa kunaongeza bakteria juu ya krimu kwa asilimia 1,400. Watu wenye afya zao hilo sio la kuogopesha, lakini kama kuna mtoto mwenye mafua au mgeni mgonjwa mchomekee mwenye bethdei mishumaa kwenye kikeki chake kidogo cha pembeni apulize huko, keki kubwa ibaki salama. Watoto wanafurahi zaidi hata, maana kikeki ni chake peke yake.

Baba Wawili

Nimerudi. Nimemkabidhi mkubwa shughuli kama ulivyosema, amechora ramani ya nyumba na amenipiga marufuku kuingia chumbani kwake. Sasa tuongelee sikukuu, huku wadogo wanataka kutengeneza kadi za ndugu wote, na ndugu ni wengi.

Mleta uzi

Kaka umenifurahisha, na kaa mbali na hicho chumba kweli.

Kadi: punguza idadi. Ile kadi ya Krismasi ya kuchapishwa inayotajwa kuwa ya kwanza ilitoka London 1843, Henry Cole alimwomba msanii John Callcott Horsley amchoree kwa kuwa alikuwa na watu wengi wa kuwaandikia na muda hana. Yaani kuchapisha kulikuja kuokoa muda. Kwa mtoto tunataka kinyume chake, kadi nne au tano ambazo kila moja anajua inaenda kwa nani na amchoree nini. Mtoto akimchorea babu redio yake kwa sababu anamjua babu na redio, kadi hiyo haitupwi. Ndugu wengine wapigiwe simu, mtoto mwenyewe aongee.

Karatasi za kufungia zawadi tengenezeni kwa mhuri wa kiazi. Kiazi kikatwe katikati na mkubwa, mtoto achore umbo, wewe uchonge pembeni mwake hadi umbo lisimame juu kama nusu sentimita. Kabla ya kuchovya rangi laza kiazi kifudifudi kwenye kitambaa dakika kadhaa, kiazi kina maji mengi na yale maji ndo yanafanya rangi iteleze na mhuri utoke mawingumawingu. Rangi weka kidogo kwenye sponji, wasichovye kwenye kopo. Kwenye karatasi ya kaki inapendeza sana.

mama_mapacha

Na wale wanaotengeneza mikono ya unga? Nimeona mahali mkono wa mtoto umegandishwa umetundikwa ukutani, ila wa kwangu ulipasuka.

Mleta uzi

Hiyo ni donge la chumvi. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja chumvi laini, maji karibu kikombe kimoja ila usimwage yote, weka kidogokidogo ukikanda mpaka lisishike kwenye vidole. Kanda dakika kumi, wengi wanaruka hapo. Sukuma unene wa kama nusu sentimita hadi sentimita moja, mtoto abonyeze mkono, toboa tundu la kamba kwa mrija KABLA ya kukausha. Kupasuka kwingi kunatokana na moto mkali, oveni iwe nyuzi 100 za Selsiasi tu kwa masaa mawili hadi matatu, geuza katikati, halafu uzime uliache lipoe humohumo ndani. Huna oveni, liache hewani siku kadhaa ukiligeuzageuza. Watoto wasilile, ile chumvi ni nyingi sana, na mbwa pia asilifikie maana kwake ni hatari kweli.

Likikauka kabisa paka rangi, kisha vanishi pande zote mbili, mbele na nyuma, kwa sababu chumvi inavuta unyevu na ukiacha upande mmoja wazi litalainika msimu wa mvua. Nyuma andika mwaka na umri.

Na siku hiyohiyo ya mkono nawaombeni mfanye na mahojiano. Maswali yaleyale kila mwaka: unapenda kula nini, rafiki yako nani, unaogopa nini, ukikua utafanya nini, mama anapenda kufanya nini akiwa peke yake. Andikeni anavyotamka, msimsahihishe hata neno moja. Mwaka wa tatu wa kuyafanya mtoto mwenyewe anaanza kudai asomewe majibu yake ya zamani.

shangazi_mtu

Hivi vyote vinakaa wapi jamani? Nyumba ina kofia, kadi, mikono, wanyama wa vivuli...

Mleta uzi

Shangazi boksi moja kwa kila mtoto, lenye mfuniko, ukubwa wa boksi la viatu vya mtu mzima. Vikubwa vinapigwa picha mtoto akiwa amevishika kisha vinaondoka. Kinachobaki anachagua mtoto mwenyewe wiki moja baada ya shughuli, sio siku hiyohiyo wala sio wewe usiku akiwa amelala. Utakuta kile ulichodhani ni takataka ndo anakiweka wa kwanza. Mahojiano na donge la mkono haviingii kwenye uchaguzi, hivyo vinakaa. Donge lifungie kwenye kitambaa kikavu, wala usiliweke kwenye mfuko wa plastiki, unatunza unyevu.

Aliyeniuliza inbox kuhusu taa za karatasi zile za kugundisha juu ya puto, ntaziandikia kesho hapahapa wote mzione, ila anza leo kuchana magazeti vipande vya sentimita mbili tatu kwa mkono, usikate kwa mkasi, ukingo uliochanika unalala vizuri na hauachi mistari.